Usukani wa Kiberenge

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe, na nguo ninazo mwilini.

Jumamosi ni mahari ya Neema, binti wa kaka yangu. Msemaji wa ukoo nilikuwa mimi. Nani mwingine Blacktown nzima, huku ughaibuni, ana mdomo huu?

Basi wakwe, Warundi wastaarabu, wakatualika makumbusho ya treni. Tukakuta kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, kimeletwa kutoka reli ya kale ya kaskazini mwa nchi hii, huko kwenye mamba.

Nikaona nafasi yangu.

"Baba yangu aliendesha kama hiki Tabora. Simba wakimwona wanapanda miti!"

Baba mkwe akakizunguka, akauliza kwa upole, "Mzee, usukani wake uko wapi?"

Mimi swali halinishindi. "Wezi wameung'oa."



Halafu Bi Tatu, Mzaramo, mtani wangu tuliyekuja naye, akaangua kicheko. "Wee Mnyamwezi! Kiberenge kinafuata reli! Baba yako alikuwa anakata kona kwenda wapi? Huyo alikuwa anakisukuma, tena pekupeku!"

Wakwe wakacheka hadi wakashikana. Neema, niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, akawashinda wote.

Mtani hanuniwi. Nikacheka na mimi, meno tu.

Wakati wa kurudi kaka akaniambia, "Jumamosi ataongea Bi Tatu. Wewe utapokea makoti."

Haya, nyoosheni mikono mliojua hakina usukani. Waongo!

Na wewe mtani, siku ukifa nitashuka kaburini mwako kabla yako, mila ya utani inaniruhusu. Nitalala humo, usukani mkononi. Tuone nani atanitoa.