Pamba ya Kuchujia Petroli

Pikipiki yangu haikuwa mbovu. Ingekuwa mbovu ningeiuza kama chuma chakavu, nikanunua baiskeli, moyo ukatulia. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa nzima siku nne, ya tano inagoma, ya sita inawaka kwa kiki moja, utadhani mgomvi ulikuwa wewe. Nilishaipiga mateke. Nilishaitukana kwa Kisukuma, maana Kiswahili changu hakina matusi ya kutosha chuma cha namna ile.

Niliipata soko la pamba lilipofunguliwa. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika. Ushirika ulipolegea wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, na mmoja wao akanifanya wakala, akanipa pikipiki nizunguke vijijini, kutoka Bariadi mpaka Lalago. Nikajiona mtu. Baba yangu, mkulima wa pamba huko Nkoma, aliizunguka mara mbili kama anayekagua ng'ombe wa mahari, kisha akauliza swali moja tu: "Inakunywa nini?"

Swali lilikuwa la maana. Petroli yetu ilikuwa ya chupa, ya kwenye vibanda vya barabarani, na kila muuzaji alikuwa na mkono wake. Huyu anatia mafuta ya taa, yule anatia maji, mwingine Mungu ndiye ajuaye. Baba aliinua chupa juani, akaona takataka zimelala chini, akaguna. Aliingia ndani, akatoka na pamba.

Hapa lazima nimweleze baba. Enzi za ushirika pamba ilichambuliwa: safi kando, fifi, yaani ile chafu, kando, kila moja na bei yake. Yeye hakuwahi kupeleka fifi kwenye mizani. Tulikaa watoto wote juu ya kichanja tukitoa vipande vya majani makavu hadi vidole vikauma, na ukiruka kimoja anakurudisha. Wanunuzi binafsi walipokuja walizoa yote kwa bei moja. Watu wakaanza kuimwagia maji, wakatia mchanga iwe nzito. Na mimi, mwanawe wa kumzaa, ndiye niliyesimama kwenye mizani nikipokea pamba yake nyeupe na kuimwaga juu ya uchafu wa watu wengine. Siku ya kwanza alitazama mpaka gunia likaisha. Msimu uliofuata akachambua vilevile. "Pamba chafu inanitia aibu," aliniambia, "hata kama hakuna anayeangalia."

Kwa hiyo alipopata kazi ya kunichujia petroli, jamani, uso ulimng'aa. Alichagua pamba bora kuliko zote, akatoa mbegu kwa vidole, akaipigapiga mpaka ikawa laini, akaishindilia kwenye shingo ya dumu lililokatwa, akamimina polepole. Petroli ilitoka safi kabisa. "Hii sasa ni gredi ya kwanza," akasema, na alicheka peke yake. Mjini nilikuwa namimina tu, sina subira. Lakini Nkoma sikuruhusiwa kugusa chupa. Ilikuwa kazi ya mzee.

Miezi michache baadaye ndipo pikipiki ikaanza vituko vyake. Unapiga kiki, kimya. Unapiga tena, kimya. Unaisukuma, unaitikisa, unaiachia ipumzike, halafu bila sababu yoyote inanguruma. Fundi wangu wa Bariadi alibadilisha plagi, akabadilisha koili, akasafisha pointi kwa msasa. Ah wapi! Na kila nilipoifikisha kwake iliwaka papo hapo, msaliti mkubwa. Siku moja aliniambia mbele ya wateja wake, "Bwana mkubwa, labda ni wewe hujui kuwasha." Nilitamani ardhi inimeze.

Ilipogoma Nkoma, baba hakuhuzunika hata kidogo. "Inajua kwao," alisema. "Lala, utakwenda kesho." Mayu, mama yangu, alishaanza kuniongezea unga kwenye sufuria bila kuuliza.

Kisha jirani mmoja wa baba akanivuta kando. "Mbona inakugomea hapa kwa mzee tu?" akaniuliza. "Mjini inakugomea?" Nikafikiri. Kweli, mjini iligoma kwa nadra. Mara nyingi ilikuwa hapa, asubuhi ya kuondoka. Akaitazama nyumba yetu, akashusha sauti: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilimfokea mpaka mbwa wakabweka. Kwetu maneno ya namna hiyo, ya uchawi, yameshaua wazee, na sikutaka yasogee hata uani kwa baba. Tangu siku hiyo nilijikataza kabisa kufikiria pikipiki inagomea wapi. Wazo likija, nalifukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Mungu anisamehe. Jibu lilikuwa humo humo kwenye swali la yule jirani, nami nikalitupa pamoja na maneno yake ya uchawi.

Baba alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Waganga wa hospitali walishamwambia apasuliwe, yeye akasema baada ya mavuno. Mavuno yakaja, yakapita, yakaja mengine. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi sikumsukuma sana, nilikuwa na vituo vyangu vya kununulia pamba.

Asubuhi ile nilikuwa nirudi Bariadi. Tuliamkiana, "Mwangaluka, baba," akaitikia akiwa tayari ameshika chupa. Tenki lilikuwa karibu tupu. Alichuja, akafunga kifuniko, akaufuta mdomo wa tenki kwa kiganja. Akainama kuokota dumu. Hakuinuka. Alishika kinena, akakaa chini pale pale, akaanza kutapika.

Ngiri ilikuwa imetoka, ngumu kama jiwe, na haikurudi ndani kama siku zote. Kwa kiasi nilichojua, ngiri ikikwama mtu hupasuliwa siku hiyo hiyo, la sivyo basi. Hospitali ilikuwa Bariadi. Pikipiki ilikuwa pale mlangoni, imetoka kunyweshwa.

Nilipanda. Mayu alimpandisha baba nyuma yangu, akamfunga mgongoni kwangu kwa kanga mbili kama mtoto, maana hakuweza kujishika. Nikapiga kiki.

Kimya.

Nikapiga tena. Kila kiki ilimtikisa, na kila alipotikisika aliguna sikioni kwangu. Sijui nilipiga ngapi. Ya mwisho alilia kwa sauti, baba ambaye sikuwahi kumsikia akilia, na Mayu akasema, "Basi, mshushe, unamuua."

Tukamlaza kivulini. Nikafungua plagi: kavu. Plagi kavu maana yake mafuta hayafiki, hilo nilishafundishwa. Nikachomoa mpira wa mafuta chini ya tenki. Likatoka tone. Likatoka jingine. Kisha petroli ikabubujika mkononi mwangu, nikapiga kelele, "Mafuta yapo!" Nikarudisha mpira, nikapiga kiki. Kimya. Nikachomoa tena, tone. Skrubu ikaniponyoka, ikaanguka vumbini, nikaitafuta kwa magoti huku natukana na kuomba kwa pumzi moja. Jua likapanda. Baba aliniita. Akasema, "Itawaka tu. Petroli ni safi."

Aliyetutoa pale ni jirani yule yule niliyemfokea. Alikuja na mkokoteni wake na maksai wawili, tukawapandisha baba na Mayu. Mimi nilitangulia mbele nikiwaongoza maksai, kichwa cha baba kilikuwa mapajani mwa Mayu. Nilikuwa nawahimiza wale wanyama kwa fimbo, wao wanakwenda mwendo wao, mwendo wa kuvuta pamba. Kabla hatujafika barabara ya malori nilisikia Mayu ameacha kuongea. Nikageuka.

Siku tulipomaliza matanga, nilitoka kuisogeza pikipiki jua lisiipige. Sijui nilipiga kiki kwa nini. Hasira, labda. Ikawaka mara moja. Wanawake waliokuwa wakiosha sufuria waligeuka wote wakanitazama, na mimi nikaizima haraka, nikaingia nyuma ya nyumba, nikalia kama mtoto.

Nilipoifikisha Bariadi ilizima yenyewe mita chache kutoka kwa fundi. Kwa mara ya kwanza aliiona ikiwa imegoma. Akalivua tenki, akalipindua juu ya beseni. Petroli ilitoka safi sana. Nyuma yake zikaja nyuzi nyeupe, zimesokotana kitonge kidogo ambacho kilikuwa kikielea humo ndani, mara kinakaa kwenye tundu la mafuta, mara kinaondoka. Akakitoa kwa spoku ya baiskeli, akakiweka kiganjani.

"Nani anachuja mafuta kwa pamba?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Ninyi watu wa pamba, aisee! Petroli huchujwa kwa kitambaa, bwana. Pamba inaachia nyuzi."

Nilikaa kwenye tairi lililochakaa nikakitazama kile kitonge. Kilikuwa hakina hata chembe ya jani.

Sikumwambia mtu. Nilikaa siku nyingi bila kwenda Nkoma, na nilipokwenda Mayu alikuwa amekonda. Asubuhi ya kuondoka alitoka na mfuko wa kitambaa, amebeba kwa mikono miwili. Ndani ilikuwa pamba, imetolewa mbegu, nyeupe mpaka inaumiza macho.

"Baba yako alikuwa anakuwekea," akasema. "Siku ile kwenye mkokoteni alijilaumu njia nzima. Alisema pikipiki imegoma kwa sababu aliharakisha, aliweka pamba kidogo mno. Nikamwambia si kosa lake, hakunisikia. Alikwenda na hilo."

Nilifungua kifuniko cha tenki.

Mayu akaleta dumu lililokatwa, akanishikia. "Leo weka nyingi," akasema.

Nikaweka nyingi, nikashindilia, nikamimina polepole mpaka chupa ikaisha, yeye akitazama.