Maziwa ya Bihogo kwa Mutoto wa Ngagi

Barua ya Mwalimu Tadeo ilitukuta Karuba siku za kwanza za konje kubwa, likizo ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na tano, mwanafunzi wa shule ya bweni ya Masere, wale watawa, na nyumbani kwetu ni mimi peke yangu niliyejua kusoma. Papa alikaa mbele ya zizi akaniambia nisome kwa sauti. Nilisoma polepole na macho chini, kwa sababu mimi ni muntu wa haya, hata mbele ya Papa yangu.

Mwalimu Tadeo alikuwa amemufundisha Papa sala zamani, kabla ya kutumwa Buleusa, upande wa Walikale, ndani ya pori. Aliandika kwamba kundi la ngagi, wale gorila wakubwa, liliingia katika shamba la ndizi, na wanaume wakalizunguka kwa mikuki. Serikali ilikataza kuua ngagi, lakini sheria ilikuwa mbali na shamba lilikuwa karibu. Jike mumoja aliuawa. Mutoto wake alibaki ameshika kifua cha mama yake, na Mwalimu njo alimubandua pale akamupeleka kwake. Alitaka kumurudisha kwa ndugu zake kabla hawajahama, lakini mutoto alikuwa anatema ndizi, anatema maji ya miwa. "Huku hakuna ngombe hata mumoja," aliandika. "Akikosa maziwa, atakufa."

Kaka yangu mukubwa alicheka. "Maziwa kwa nyama ya pori? Kesho nguruwe wataomba siagi!"

Papa hakucheka. "Muntu akikuomba maziwa," alisema, "haumuulizi ni ya nani."

Maziwa yangeharibika njiani. Kwa hiyo tulipeleka ngombe mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu, kama kawaida ya milima yetu. Papa alichagua Bihogo, mwenye rangi ya udongo mwekundu, na ndama wake pia, kwa sababu ngombe wetu haachilii maziwa asipoona ndama. Mimi nilipewa kazi mbili: kuvuta ndama na kuchunga karatasi ya ruhusa ya safari. Papa mwenyewe alibeba chombo chake cha mbao cha kukamulia. Alikuwa amekifukiza kwa majani ya harufu mpaka ndani kikawa cheusi. Kwetu, maziwa yasiyo na harufu ile ya moshi ni kama chakula kwenye sahani isiyooshwa. Hata sasa, hapa bwenini, nikisikia moshi wa majani mabichi, ninaona mikono ya Papa yangu inazungusha kile chombo.

Kijiji cha Kingi, siku ya pili jioni, tuliomba malazi kwa mama mumoja muzee. Alinitazama mimi, akatazama Bihogo, akapiga makofi.

"Papa we! Dunia imegeuka? Bibi-arusi njo anapelekea bwana ngombe?"

"Haiko bibi-arusi," Papa alisema.

"Basi ni ndama njo anaolewa!"

Watu wa ule ua wote walicheka. Nilitamani ardhi inimeze na ndama wangu. Lakini yule mama alinipa maharagwe na mahali pazuri karibu na moto, na usiku nilimusikia bado anacheka peke yake ndani ya blanketi.

Masisi, kwenye ofisi, karani alichukua karatasi yetu. "Sababu ya safari?"

Papa alinigeukia. Nilinong'ona.

"Sema kwa nguvu, dada! Hapa si kwenye kitubio."

"Kunyonyesha," nikasema.

Karani alitutazama sote wanne, na ngombe kwa muda mrefu zaidi. Kisha akapiga muhuri.

Baada ya Masisi njia ilianza kushuka, na kila siku tuliacha kitu cha kwetu: kwanza ukungu, halafu nyasi, halafu baridi. Miti ilifunga juu ya vichwa vyetu. Bihogo hakujua kula kivulini, alikuwa anasimama na kunusa majani mapana kama muntu anayekuta chakula cha kigeni mezani. Inzi walimusumbua sana. Papa alitembea nyuma yake na tawi, anamupepea, anamusifu kwa majina yote ya kizazi chake. Kwenye daraja la magogo Bihogo aligoma, na tukavuka mutoni, maji mpaka kiunoni, mimi nimekumbatia shingo ya ndama na kulia bila kujificha. Katika vijiji vya pori watoto walikimbia walipoona pembe zake. Halafu walirudi, wakatusindikiza mpaka kijiji kingine.

Buleusa tulifika siku ya tisa, saa ya adhuhuri. Mwalimu Tadeo alimukumbatia Papa, na kabla hawajamaliza salamu, mama mumoja mwenye kikapu mugongoni alisimama mbele yetu. Alikuwa Mama Furaha, jirani wa Mwalimu, mwenye lile shamba la ndizi.

"Siku tisa!" alisema. "Siku tisa munavuta ngombe, juu ya mutoto wa mwizi wangu? Na watoto wangu mimi, waliokosa ndizi, munawaletea nini? Mukia?"

"Watakunywa pia, Mama," Papa alisema.

"Kunywa maji ya matiti ya nyama? Yesu Maria! Mupeni Mwizi."

Hivyo njo nilijua jina lake.

Mwizi alikuwa ndani ya kibanda nyuma ya nyumba ya Mwalimu, juu ya majani makavu. Nilifikiri nitaona nyama ya kutisha. Niliona kitu kidogo cheusi, mbavu zinahesabika, vidole vimeshika gunia kama mutoto wetu anavyoshika nguo ya mama. Hakulia. Alitutazama tu, halafu akafunga macho. Mwalimu alituambia kwa sauti ndogo: "Ninamupa maji ya miwa matone matone, anameza kidogo tu. Kundi lake liko bado ngambo ya kijito. Likihama, sitajua tena pa kumupeleka."

Papa alikamua palepale, maziwa yenye povu. Akasogeza chombo kwenye mudomo wa Mwizi. Yule mutoto alinusa mara moja, akageuza uso ukutani na kutetemeka mwili wote.

Jioni vilevile. Kesho yake vilevile. Papa alifukiza chombo upya, vizuri zaidi, majani mengi zaidi, na Mwizi alijikunja zaidi. Papa hakula siku ile. Alikaa nje na chombo chake katikati ya magoti. Sikuwa nimewahi kumuona ameshindwa.

Siku ya tatu nilikaa mulangoni mwa kibanda tangu asubuhi. Muntu wa haya ana faida moja: anatazama. Niliona kwamba upepo ulipoleta moshi wa jiko la Mama Furaha, Mwizi aligeuka ukutani. Upepo ulipobadilika, alirudisha uso. Mara nne. Nilimuuliza Mwalimu, bila kumutazama, nyama ya yule jike ilifanyiwa nini.

"Walikausha hapa kwenye ua," alisema. "Juu ya moshi, siku mbili."

Ilibaki kumuambia Papa. Kumuambia mufugaji kwamba usafi wake njo unaoua mutoto, mbele ya wageni, na kwa mudomo wa binti! Nilizunguka ile nyumba mara tatu. Mwishoni nilisema haraka, kama ninatema kitu cha moto: "Papa, ni moshi. Anasikia harufu ya mama yake ndani ya chombo."

"Chombo changu ni kisafi."

"Ni kisafi, Papa. Kwetu."

Mwalimu alileta kikombe cha chuma. Papa aliruka juu. "Chuma? Munataka ziwa la Bihogo lipasuke? Hapana! Kwetu ni mwiko, maziwa hayaingie katika chuma."

Mama Furaha alikuwa amesimama kwenye ua wake, anamenya mihogo na kusikiliza yote. Alikata jani moja kubwa, lile wanalofungia chakula, akalikunja kama bakuli na kunitupia. "Hili haliko chuma," alisema. "Jaribuni, murudi kwenu, tupate usingizi."

Papa alitazama lile jani. Alitazama Bihogo, kama anamuomba ruhusa. Halafu alichuchumaa. Mimi nilishika jani, yeye akakamua. Nilichovya vidole vyangu ndani ya maziwa na kuviweka kwenye mudomo wa Mwizi. Alinusa. Alinusa tena. Na akaanza kunyonya, meno madogo yananiuma, mukono wake umefunga kidole changu gumba. Nyuma yangu nilisikia Papa anapenga makamasi kwa nguvu.

Wiki zilizofuata njo ninazozikumbuka zaidi ya zote. Ndama alikunywa upande wake, Mwizi upande wake, na mchana walilala pamoja, mukono mweusi juu ya shingo nyekundu. Mama Furaha alikuja kila siku kututukana, na kila siku alileta jani jipya.

Siku ya kumurudisha tulitoka mapema, kabla ya jua. Mwizi alikuwa mugongoni mwangu. Mama Furaha alituongoza, kwa sababu hakuna aliyejua njia za wezi wake kama yeye. Tulikuta vitanda vya ngagi, majani yaliyokunjwa chini, bado na joto. Hapo alisimama na kumunusa Mwizi.

"Haiwezekane. Iko na harufu ya ngombe, na ya banadamu. Watamutupa."

Akachukua mavi ya ngagi kutoka kitandani, akamupaka Mwizi mugongo, tumbo, mpaka masikio, na mimi mikono, huku anacheka. "Haya, sasa unafanana na ndugu zako. Wote wawili!"

Nilimuweka chini. Alinishika. Nilifungua vidole vyake kimoja kimoja, na kila nilichofungua kilishika tena. Mwishoni nilimuacha na kitambaa changu cha kichwa, nikarudi nyuma ya muti. Hapo alilia, kwa mara ya kwanza tangu tumujue.

Ngagi mume, mukubwa wa kundi, alikuja bila sauti, mugongo wake mweupe kama majivu. Alisimama juu ya mutoto. Papa alinishika mukono mpaka ukaniuma. Ngagi aliinama, akanusa, akaokota kile kitambaa, akakitupa. Kisha aligeuka na kwenda taratibu. Mwizi alimufuata, anaanguka, anasimama. Kwenye kichaka yule mukubwa alikaa chini akangoja. Hatukuona zaidi ya pale.

Kurudi kulikuwa kurefu. Bihogo alikonda, maziwa yakapungua, na Papa alimuomba musamaha kila mulima. Siku ya kuaga, Mama Furaha alikuwa amesema mustari wa mwisho wa migomba, kando ya pori, ni wa ngagi sasa. "Wakigusa wa pili, nitapiga ngoma mpaka wahame. Mikuki, basi."

Nilijifunza nini? Masere mumoja aliniuliza mbele ya kalasi, nikaomba niandike. Ninaandika hapa: nilijifunza kwamba nyama ya pori ana kumbukumbu, na anayetaka kumulinda aulize kwanza kitu gani kinamuogopesha, hata kama kitu hicho kiko mikononi mwake, kimesafishwa vizuri.

Konje iliyofuata, barua ya Mwalimu ilifika. Yeye na watu wa kijiji walipita penye vitanda vipya, aliandika, na ndani ya kitanda cha yule mume mukubwa walikuta mavi makubwa, na kando yake mavi madogo ya mutoto. Hakuna mutoto mwingine katika kundi lile.

Nilisoma na kulia. Papa alifikiri, mikono juu ya fimbo yake.

"Yale madogo yalikuwa magumu, ao laini?"

"Mwalimu hakuandika, Papa."

"Kumbe alienda kutazama nini?" Alikuwa amekasirika kweli. "Chukua kalamu. Muulize."