Jina la Arobaini na Moja

Mjomba wangu alikuwa na nishani tatu za vita, na zote alipewa kwa mambo ambayo hakuyafanya. Moja ilikuwa ya kuteka daraja. Ukweli ni kwamba mwavuli wake wa kurukia ndegeni ulinasa kwenye nguzo ya daraja lenyewe, akaning'inia hapo mpaka adui wakaondoka kwa hiari yao. Nyingine ni ya jeraha, alilolipata kwa kuteleza bafuni hospitalini. Hizo mbili alizicheka. Iliyomnyima raha ni ile ya ushujaa wa kuruka wa kwanza.

"Nilisukumwa," alikuwa akitwambia, nasi tunacheka mpaka machozi.

Ndege yao ilipigwa, moshi ukajaa. Sheria ya askari wa miavuli ni kwamba huruki mpaka taa ya kijani iwake, na siku hiyo taa ndiyo iliyotangulia kufa. Basi wanaume wazima ishirini wakabaki wanaikodolea macho, wakingoja ruhusa ya kujiokoa. Mjomba alikuwa mlangoni, ameung'ang'ania mlango kama mtoto anayegoma kwenda shule. Nyuma yake alisimama rafiki yake Kinyozi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyenyoa kikosi kizima. Kinyozi akamkagua mwavuli mgongoni, akampiga bega, akasema, "Sawa," kisha akamsukuma. Kinyozi naye akaruka, na wengine wote wakafuata. Mjomba alitua salama. Kinyozi alibebwa na upepo hadi mtoni, akazama.

Kamanda, aliyekuwa amekaa salama mbali na hapo, akaandika taarifa mbili kwa kalamu moja. Mjomba ameruka bila kungoja amri: ushujaa. Kinyozi ametoka ndegeni bila kungoja amri: uzembe. Shujaa aliye hai anapigwa picha ya gazeti, lakini marehemu humwachia mkubwa maswali ya kujibu.

Vita vilipokwisha Mjomba akawa fundi wa kuchonga mawe ya makaburi. Miaka ikapita mingi, hata jeshi likaamua kujenga ukuta wa majina ya waliokufa vitani. Kazi akapewa Mjomba, bure, maana shujaa eti halipwi. Orodha ikaja na majina arobaini. Shemeji wa Kamanda alikuwemo, aliyekufa kwa kusakamwa na mfupa wa kuku kwenye bwalo la maofisa. Kinyozi hakuwemo.

Mjane wa Kinyozi alikuja karakanani, akaisoma orodha kwa kidole, akairudia.

"Shemeji," akasema, "wajukuu wananiuliza babu yao alikufaje. Niwaambie alikufa kwa uzembe?"

Kesho yake nilikwenda na Mjomba kambini, kwa karani wa kumbukumbu.

"Kurekebisha jalada kunahitaji shahidi mwenye nishani ya ushujaa," karani akasema.

"Ninayo," Mjomba akajibu, akaeleza yote, pamoja na ule msukumo.

Karani akaweka kalamu chini. "Mzee, kama ulisukumwa, hukuruka. Kama hukuruka, nishani inafutwa. Ikifutwa, wewe si shahidi."

"Na nikisema niliruka mwenyewe?"

"Basi marehemu hana alilokufanyia. Sisi tutasahihisha nini?"

Nilitaka kumtia ngumi. Yeye akaomba kupiga picha na shujaa.

Mjomba alirudi karakanani, akachonga wiki tatu. Mwishoni akafunika ukuta kwa shuka, akanikataza kuchungulia.

Siku ya kuzindua, Kamanda, sasa mstaafu mwenye kitambi cha heshima, alivuta shuka na kuanza kusoma majina kwa kipaza sauti. Kila jina likisomwa, kikosi kinapiga saluti na kuitikia, "Yupo!" Alilisoma la shemeji yake kwa madaha, sauti ikitetemeka. La arobaini akalisoma. Kwa kuwa lilikuwepo na la chini yake, nalo akalisoma, jina kamili la Kinyozi, likasikika mpaka nje ya lango.

"Yupo!" kikosi kikajibu.

Mjane wa Kinyozi akainuka kitini, analia, wajukuu wamemshika mikono. Nami nililia, sioni haya kusema. Kamanda alibaki na mdomo wazi, kwa maana saluti ikishapigwa hairudishwi mfukoni.

Akakizima kipaza sauti, akamsogelea Mjomba huku jasho linamtoka.

"Nani amekupa amri ya kuchonga jina hili?"

Mjomba aliitoa kifuani ile nishani ya kuruka wa kwanza, akamtia mkononi.

"Sikupewa amri, afande," akasema. "Nilisukumwa."