Chambo cha Ziwani Kwetu

Jana nilinusa viatu vipya vya mpira, nikamkumbuka baba siku ile ya utoto wangu, katika duka la vifaa vya uvuvi mjini lililonuka mpira vivyo hivyo. Tulikuwa tumetoka hospitali kule Upper Hill, naye alikuwa amekonda sana. Vyambo bandia vilining'inia ukutani, akawa anavishika kimoja kimoja.

"Hii ya fedha ni ya baharini, kule ufuoni. Maji ni safi, samaki anaiona toka mbali. Ziwani kwetu maji ni ya matope. Mbuta, yule samaki wetu mkubwa, haoni vizuri, anasikia tu kitu ikitingishika. Sasa chagua ya kwetu, mama."

Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Nilichagua kinene cha rangi ya chungwa, chenye vigololi vilivyolia ndani.

"Umechagua vizuri. Baba yako mdogo atakufundisha kurusha."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa nimetangulia."

Nilifurahi, nikidhani anatangulia ziwani kututayarishia. Tulipofika nyumbani Mutuini nilikimbilia jikoni kumwambia mama yangu kwamba baba atatutangulia. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka nje, akakaa huko mpaka ugali ukaungua.