Rozari Isiyokatwa

Jezi sita zilikuwa tayari tangu Jumapili. Zilikuwa zimepigwa pasi, zimekunjwa na kufichwa ndani ya sanduku chini ya sanamu ya Bikira Maria. Crisanta ndiye aliyezishona, na Crisanta huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwaambia wenyewe kila siku kwamba bado.

"Sindano imevunjika," aliwaambia Jumatatu.

"Uzi wa dhahabu umekwisha," aliwaambia Jumanne.

Jumatano alisema cherehani imekwama. Dading, nahodha wa timu, akanyoosha mguu akakanyaga pedali, na gurudumu likazunguka bila shida yoyote.

"Dada Santa," Dading akasema taratibu, "mashua ya kwenda mashindanoni ng'ambo ya ghuba inaondoka Ijumaa alfajiri. Mwaka jana tulicheza na fulana za rangi mbili wakatuzomea mpaka mpira wa mwisho. Mwaka huu wameiandika kabisa kwenye sheria zao: timu isiyo na sare haikanyagi uwanja."

"Nimesikia."

"Unasikia, lakini hushoni."

"Nimesikia, Dading."

Dading aliondoka bila kuaga. Crisanta akafunga mlango, akapiga magoti mbele ya Bikira Maria, na sala haikutoka.

Timu ile iliitwa Malkia wa Tagbilao, na wachezaji wake wote walikuwa bakla, jina wanaloitwa kule visiwani, nao hujiita hivyo bila haya, watu waliozaliwa wavulana wakakua wakijijua kuwa si wanaume kama wengine. Dading alikuwa na saluni karibu na soko. Nonong aliuza samaki, na sauti yake ya kunadi ilifika mpaka kanisani. Kila jioni walicheza mpira wa wavu kwenye uwanja wa saruji kando ya kanisa, wakirukaruka na kutukanana kwa mapenzi, na kijiji kizima kikiacha vyungu jikoni kwenda kuwatazama. Aliyewapandishia mpira alikuwa Rodelio, mdogo wake Crisanta, ambaye uwanjani walimwita Delya. Hapakuwa na mwingine mwenye vidole kama vyake. Mpira ulimfika kama jiwe, ukaondoka mikononi mwake kama unyoya.

Crisanta alikuwa katekista kwa miaka ishirini. Alimpenda mdogo wake na aliionea haya timu yake, na mambo hayo mawili aliyaweka katika moyo mmoja, kila moja kona yake. Rodelio alijua. Jumapili alimbebea dada yake vitabu vya katekisimu mpaka mlangoni, akamwachia hapo, asije akamwaibisha.

Mwezi wa tano Rodelio alishikwa na homa ya dengi. Siku ya sita akafa.

Sasa, watu wa kule wakimlaza maiti na rozari mikononi, huukata uzi wake kabla jeneza halijafunikwa. Wanasema isipokatwa, ushanga mmoja humvuta mwenzake, na marehemu huwavuta walio wake, mmoja baada ya mwingine. Padri huhubiri kila mwaka kwamba huo ni ushirikina. Lakini mama yake padri alipozikwa, ilikatwa.

Rozari aliyoshika Rodelio ilikuwa ya marehemu mama yao, shanga za mti zilizolainishwa na vidole vya miaka arobaini. Crisanta alisogeza mkasi mara tatu, na mara zote tatu mkono ulikataa. Aliona kama angemkata mama yake mwenyewe. Bibi Purita, mzee wa kuongoza sala za maiti, akamnong'oneza: "Umeikata?"

"Nimeikata," Crisanta akajibu, mbele ya msalaba.

Siku ile ile Malkia walikuja kanisani wakilia kwa sauti, wametangulia na kukaa safu ya mbele. Crisanta akawaendea, akainama kwa adabu. "Naomba mkae nyuma. Hapa ni pa familia." Wakainuka kimya kimya, wakaenda kusimama karibu na mlango, pamoja na wauza maji.

Wiki mbili baadaye Bebang, mpigaji wao mkubwa, alianguka kutoka kwenye bajaji akavunjika bega. Wiki ya tatu Tisay akalazwa kwa dengi, na alipona akiwa mifupa mitupu. Crisanta alikuwa akingoja mauti yaje nyumbani kwake. Badala yake yalipita mlangoni pake yakaenda kugonga kwao. Ndipo alipoelewa kitu kilichomnyima usingizi tangu siku hiyo. Rozari huwavuta walio wake marehemu. Yeye alikuwa amesema si familia, na uzi haukumsikiliza.

Na sasa sita waliobaki wazima walitaka kuvuka ghuba kwa mashua moja.

Alhamisi asubuhi aliomba kimbunga. Mwalimu wa katekisimu alipiga magoti akaomba kimbunga kiishukie nchi ya maskini, ili mashua moja tu isiondoke. Alipoinuka, mbingu zilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Alasiri wakaja Dading na Nonong.

"Mama yangu wee," Nonong akaanza kabla hajavuka kizingiti, "kama jezi hakuna, sema tucheze na mashuka! Mimi nachukua lile la maua. Nikiruka, refa atasahau hata kuhesabu."

Dading hakucheka. Alikuwa akitazama chini ya sanamu, mahali ambapo kona ya kitambaa chekundu ilichungulia kutoka kwenye sanduku. Akaenda, akafungua, akazitoa moja moja na kuzipanga mezani. Ya namba saba, namba ya Rodelio, haikuwamo. Hiyo Crisanta aliishona ya kwanza, na Rodelio alizikwa nayo.

"Tumekukosea nini, dada?" Dading akauliza. "Kama ni kutuonea haya, tumeshazoea. Tukatalie waziwazi. Usituzungushe kama watoto."

Crisanta akajishika kwenye cherehani. "Sikuikata," akasema.

"Hukukata nini?"

"Rozari. Ya Rodelio. Nilidanganya."

Nonong aliondoa mkono wake juu ya jezi kama aliyegusa sufuria ya moto, akafanya ishara ya msalaba. Kisha Nonong, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia, akasema: "Lakini si huvuta ndugu? Sisi ulituweka na wauza maji."

"Mimi niliwaweka nyuma," Crisanta akasema. "Kifo hakikuwaweka nyuma. Angalia Bebang. Angalia Tisay. Msiende. Nawaomba kwa jina la Mungu, msipande ile mashua."

Dading akaketi. Uso wake ulikuwa umepauka chini ya poda. Akasema harakaharaka: "Rozari ilikatwa. Si mimi niliyempamba? Nilipokuwa nikimchana nywele niliona hujakata. Nilikuwa na mkasi mfukoni. Nikakata mimi."

"Ulikata wapi?"

"Chini ya msalaba."

"Na Bebang?"

"Bebang alianguka kwa sababu dereva alikuwa amelewa, na yeye Bebang alikuwa anamchekea. Tisay aliumwa na mbu. Mbu, dada. Hakuna kingine."

Crisanta alikuwa ameishika ile mikono ya baridi mpaka seremala aliposhusha kifuniko. Alikuwa ameubusu ule msalaba mwisho kabisa, baada ya wote, na uzi ulikuwa mzima. Dading alikuwa akidanganya. Aliogopa kama yeye. Aliogopa, na bado alikuwa akimtengenezea njia ya kutokea.

Crisanta akazikusanya jezi, akazikunja upya, akampa mkononi.

"Na mimi naenda," akasema.

"Wewe? Huwezi hata kuogelea!"

"Kama uzi unavuta, mimi ndiye ushanga wa kwanza. Uanzie kwangu."

Alfajiri ya Ijumaa, gatini, karani wa mashua aliandika abiria kwa familia, kama ilivyo desturi, ili ajali ikitokea wajulikane wa kuarifiwa. Aliwatazama wale sita wenye nyusi zilizochongwa, kisha akamtazama mwanamke mwenye gauni jeusi la msiba. "Wewe mama, uko na nani?"

"Na hawa. Tuandike pamoja."

"Familia moja?"

"Moja," akasema, na Nonong akageukia bahari akajifuta kamasi kwa kiganja.

Walipofika katikati ya ghuba injini ilikohoa ikazima. Mashua ikayumba juu ya mbavu zake za mianzi, na abiria wote wakashika kingo zake. Dading alikuwa ametia mkono mfukoni, ameushika mkasi wake wa saluni, macho ameyafumba. Crisanta akahesabu vichwa. Sita, na yeye saba. Akahesabu tena. Injini ikaguruma ikawaka, watu wakashusha pumzi wakaanza kucheka, lakini yeye hakuacha. Alihesabu mpaka mguu wa mwisho ulipokanyaga mchanga wa ng'ambo, akahesabu tena walipovaa jezi, kwa maana safari ya kurudi ilikuwa bado.