Viatu vya Barasa na Kipande cha Nne

Wabwile alizikwa Kimilili mwezi wa Machi mwaka huu wa 2009. Kasisi alisema marehemu alikuwa fundi wa viatu hodari na mtu wa watu. Hakusema lolote kuhusu vitabu, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na watoto wa marehemu wenyewe walikuwa tayari wameigawa mikebe yake ya gundi.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Kitale. Kitabu kikimfikia, alikitendea kama kiatu kilichochoka. Alikivua jalada, akakata mgongo kwa wembe, akakigawa vipande vitano. Kila kipande alikishona pembeni kwa uzi uliopakwa nta na kukifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Halafu alitugawia kwa kura, kwa vifuniko vya soda alivyotia ndani ya kofia yake.

Tulikuwa watano. Alikuwapo Wabwile mwenyewe; Barasa, karani mstaafu wa ghala la mahindi; Jerono, mwalimu wa chekechea; Nyaruai, muuza maharagwe na mbegu pale sokoni, ambaye sote tulimwita Mama Wangechi kwa jina la binti yake; na mimi. Vitabu tulivipata kwa wale wanaonunua karatasi kuukuu za kufungia njugu. Kupata nakala mbili za kitabu kimoja hakukuwezekana, ndiyo maana Wabwile akaanza kukata. Kila Jumamosi alasiri mmoja wetu alisimulia kipande chake na kutoa maoni, nasi tukambishia. Jumamosi iliyofuata alikuwa mwingine. Hukuruhusiwa kuchungulia kipande cha mwenzako. Kitabu hakikushonwa tena mpaka vipande vyote vitano viwe vimesemwa, na kabla hakijashonwa, kingine hakikukatwa.

Watu walitucheka. Lakini leo naona vijana wa sekondari wakisoma muhtasari wa kitabu uliochapishwa kwa ajili ya mtihani, wanafaulu, na kitabu chenyewe hawajakishika. Ukimwuliza mmoja wao maoni yake, anakutajia dhamira na maudhui kama anayesoma bei za duka. Sisi tuligombana. Mwenye kipande cha pili aliweza kuapa kwamba baba fulani hadithini ni mnyama, na wiki mbili baadaye mwenye kipande cha nne akatuonyesha kwamba baba huyo ndiye aliyewaokoa wote. Aliyeumbuka namna hiyo alileta majani ya chai na sukari kikao kilichofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa faini, na Barasa alituletea chai mara nyingi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alihukumu upesi, kama alivyozoea kukataa magunia ya mahindi mabichi langoni.

Wabwile aliacha shule darasa la nne. Kila alichokijua baada ya hapo alikipata akiwa amekalia kile kigoda, kiatu cha mtu mapajani. Aliwahi kuniambia kwamba Jumamosi ikipita bila kikao, wiki nzima huona kama hakufunguliwa mlango. Sikumcheka. Na mimi sikuwa na shule nyingine.

Mwaka 2007, katikati ya Desemba, tulikuwa na kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Hatukujua jina lake wala mwandishi, tukakiita Kitabu cha Kisima. Wabwile alitusimulia kipande cha kwanza. Mjane anafika kutoka mbali katika kijiji kikavu, ananunua shamba, anachimba kisima, na kijiji kizima kinateka maji kwake bure. Kipande cha pili kilikuwa cha Barasa. Ukame unakuja, na asubuhi moja mjane anafunika kisima kwa bati na kulitia kufuli. Hasemi neno.

Barasa alisimama kutoa maoni, jambo ambalo halikuwa desturi yetu. Alisema mjane huyo ni mgeni, alipokewa vizuri, na sasa anawanyima maji waliompokea.

"Watu wa namna hiyo ndivyo walivyo," alisema. "Siku moja watarudishwa walikotoka."

Mwezi ule maneno hayo yalisikika kwenye kila kioski. Tofauti ni kwamba hapa kwetu yalisemwa mbele ya Nyaruai, ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati kabla yeye hajazaliwa. Alizaliwa Moi's Bridge na hakuwa na kwao kwingine. Hakubisha. Alikunja leso yake magotini, akasema, "Mimi nina kipande cha nne, Mzee. Ningoje."

Jumamosi iliyofuata Jerono alisema kipande cha tatu, kijiji kikifanya mikutano na watoto wakitumwa mtoni. Zamu ya Nyaruai iliangukia Jumamosi ya wiki ya uchaguzi. Hatukukutana. Ghasia zilizofuata kila mtu anazijua. Meza yake ya sokoni ilichomwa, na nyumba yake ya kupanga pale Tuwan ikachomwa vilevile. Tulisikia yuko kambini pamoja na wengine waliofukuzwa. Baadaye tukasikia kwamba binti yake Wangechi na mumewe Khisa, mfanyakazi wa ofisi ya maji, wamemchukua wakaishi naye Bungoma.

Mwezi wa Aprili tulirudi kibandani, wanne. Barasa alikuja na kitabu kipya kizuri, kina jalada, akamwekea Wabwile mapajani amkatie. Wabwile alikiweka chini.

"Kipande cha nne hakijasemwa," alisema.

"Kipande cha nne kimeungua, bana. Mtu akienda ameenda."

"Kuungua umeona wewe?"

Jerono alijaribu kupatanisha. Alisema mimi nina kipande cha tano, basi niseme mwisho wa hadithi, kitabu kishonwe na pengo lake, maisha yaendelee. Wabwile alimjibu kwamba yeye hajawahi kumrudishia mteja kiatu kisicho na soli akamwambia maisha yaendelee. Hapo kikao kikaisha. Jerono alianza kwenda kwa akina mama wa kanisani Jumamosi. Barasa alikaa nyumbani. Mimi nilikuwa nikipita kibandani na kumkuta Wabwile peke yake, kitabu kile kipya bado kimelala chini ya kigoda, wembe juu yake. Niliona kwamba akishikilia hivyo mwaka mzima, hapatakuwa na mtu wa kumkatia. Yeye pia aliona, maana mara mbili alikichukua kile kitabu mbele yangu, akakipima kwa kidole, akakirudisha.

Jumapili moja alikwenda Bungoma. Alinisimulia aliporudi. Nyaruai alimkaribisha vizuri, akamlisha, akamwuliza habari za mvua na bei ya mbegu. Kuhusu kitabu alisema kipande anacho. Alikitoa nyumbani ndani ya mfuko wa mbegu, bila kukusudia, na kule kambini ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kusoma. Wabwile alimwomba aseme maoni yake ayabebe yeye mpaka Kitale. Nyaruai alikataa.

"Yule alisema nikiwa nimekaa mbele yake," alimwambia. "Mimi pia nitasema akiwa amekaa mbele yangu. Kitale sirudi, kwa hivyo mwambie aje."

Barasa alipopewa habari hizo alisema yeye alizungumza juu ya kitabu, hakuzungumza juu ya mtu. Alisema kama kila msomaji ataitwa kujibu kwa maoni yake, basi tuache kusoma. Wabwile hakubishana naye. Aliingia nyuma ya kibanda, akarudi na kazi yake. Viatu vya Barasa vya ngozi nyeusi, vya kanisani, vilikuwa hapo tangu kabla ya Krismasi kwa kubadilishwa soli. Vilikuwa tayari, vimeng'arishwa. Barasa alinyoosha mkono.

"Hivi utavichukulia Bungoma," Wabwile alisema, na kuvifunga kwenye gazeti.

Barasa alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Aliondoka akisema ataleta askari. Hakuleta. Kwa miezi kadhaa karani yule, ambaye hajawahi kutoka nyumbani bila tai, alihudhuria ibada kwa raba za turubai. Watu wa kanisani walimwuliza, naye alijibu viatu viko kwa fundi. Mwisho wakaanza kumwuliza ni fundi gani huyo mzembe, na Barasa, nasikia kwa mkewe, aliwajibu kwa ukali kwamba fundi si mzembe.

Mwezi wa Agosti aliniambia kwamba anakwenda Bungoma kuchukua viatu vyake. Alisema hivyohivyo. Nilimpitia Wabwile, tukamchukua na Jerono. Barasa alikuwa na mfuko wa nailoni ambao hakutaka tuushike. Nilichungulia aliposhuka garini kununua gazeti. Ulikuwa na majani ya chai na sukari.

Nyumba ya Khisa ina veranda, na huko ndiko tulikoketi. Nyaruai alikuwa amepungua. Alitusalimu mmoja mmoja kwa mkono, Barasa wa mwisho, akamwita "Mzee" kama zamani. Barasa aliuweka mfuko wake mezani, akasema ni zawadi ya wenye nyumba. Nyaruai aliutazama, hakuugusa. Alivaa miwani, akafungua kipande chake. Karatasi ya saruji ilikuwa imelainika kama kitambaa.

Alisimulia bila haraka. Asubuhi ile kabla ya kufunga kisima, mjane alimnywesha mbuzi wake, na mbuzi akafa palepale. Akayajaribu kwa kuku, naye akafa. Maji yalikuwa yameharibika chini kwa chini kwa sababu ya ule ukame. Mjane akafikiri awaite watu awaambie. Akaona watakachosema: mgeni ametia sumu. Ndipo akaleta bati na kufuli, akanyamaza.

Wabwile alimwuliza, kama desturi, maoni yake ni yapi.

"Nilipokisoma nyumbani kwangu Tuwan nilimlaumu," Nyaruai alisema. "Nilisema huyu mama ni mjinga, angewaambia tu. Hayo ndiyo nilitaka kuwaambia Jumamosi ile, na wewe Mzee ungefurahi, kwa sababu tungekuwa upande mmoja. Nilipokisoma kambini sikumlaumu tena. Hayo ndiyo maoni yangu."

Barasa alijikuna goti. Nilidhani ataomba msamaha, na naamini Jerono alidhani hivyo pia, maana aliinamisha kichwa kama wakati wa sala. Hakuomba. Alifanya kitu ambacho vijana wa leo hawatakielewa: alibisha.

"Bado angewaambia," alisema. "Si wote wangemfikiria vibaya. Katika kijiji kizima hakosi mtu wa kumsikiliza."

"Kama nani?"

"Mtu. Jirani."

"Wewe ungekuwa jirani yake, ungemsikiliza?"

Wangechi alitoka jikoni kuuliza kama tuko tayari kula, akaona nyuso zetu, akarudi.

"Kwa kile kipande changu peke yake," Barasa alisema, "hapana. Singemsikiliza."

"Basi," Nyaruai alisema. Alivua miwani, akauvuta ule mfuko wa chai kwake, akamwita binti yake aipike chai. "Na usitie maji mengi, Wangechi. Chai ya huyu mzee tumeingoja tangu Desemba."

Jerono ndiye aliyecheka kwanza.

Mimi nilisema kipande cha tano. Mvua inanyesha, mjane amehama, ameacha ufunguo umening'inia kwenye kufuli, na wanakijiji wanachimba kisima kingine kando bila kuugusa. Nilisema mwisho huo ni mkavu na mwandishi alichoka. Walinishambulia wote wanne, Barasa akiwa mbele. Aliniuliza nilitaka mjane afanyiwe sherehe au nini. Tulipokuwa tukigombana Wabwile alikuwa akishona. Alipanga vipande vitano, akavibana kati ya mapaja, akapitisha sindano yake ya viatu na uzi mweupe, akakaza, akaukata uzi kwa meno. Kitabu alimpa Nyaruai akiweke. Viatu alimpa Barasa, naye alivivaa palepale na kuzifunga raba kwenye gazeti lilelile.

Kisha Wabwile alitoa kile kitabu chenye jalada, akakikata juu ya meza ya Khisa. Alivua kofia atie vifuniko. Nyaruai alimzuia mkono.

"Leo hakuna kura. Cha kwanza ni changu, na nitakisemea hapahapa, kwa hivyo mjipange kuja. Cha mwisho mpeni Mzee Barasa. Safari hii atatusikiliza wote wanne kabla ya kufungua mdomo."

Wabwile alimtazama Barasa. Barasa alisema hiyo si haki, ati kura ndiyo sheria ya kikao tangu tulipoanza. Alilalamika mpaka chai yake ikapoa. Halafu akanyoosha mkono, akakichukua kipande cha tano.