Kanisa Ng'ambo Hii, Karamu Ng'ambo Ile

Wasichana wanaokaribia kuolewa huja nyumbani kwangu na vipande vya kitambaa mkononi. Wananiuliza rangi gani itawapendeza wasimamizi, shela iwe ndefu kiasi gani, nywele zisukwe au zinyooshwe. Nawajibu, maana nilifundisha ushonaji shuleni miaka mingi na watu wamenizoea. Lakini moyoni nachoka. Hakuna hata mmoja anayeuliza wageni watafikaje kwenye chakula. Nikiwaambia waanze na hilo wanacheka, wanadhani nimezeeka. Basi naona afadhali nieleze yaliyonipata mimi mwenyewe, hapa Kisangani, wakati nchi ikiitwa Zaire na kila mtu akihesabiwa mwanachama wa chama kimoja, atake asitake.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi na wazazi wangu Mangobo. Wao walitoka Maniema wakahamia huku kabla sijazaliwa. Mchumba wangu alikuwa karani wa reli, na kwao ni Lubunga, ng'ambo ya pili, treni ya Ubundu inakoanzia. Kati ya kwetu na kwao palikuwa na mto, ambao nao ulikuwa umebadilishwa jina ukaitwa Zaire, kama nchi na kama pesa tulizotumia. Kila siku watu walivuka kwenda kazini na sokoni, kwa hiyo hakuna aliyeuona mto kuwa ni jambo la kujadili. Lakini kuvuka na kikapu cha mihogo si sawa na kuvuka na harusi.

Wakwe walikuja kwetu Jumapili moja baada ya misa ili tupange. Nimesema tupange, lakini mimi niliwekwa jikoni na akina mama, nikawa nasikiliza kupitia pazia la mlango. Mama yangu alitaka karamu ifanyike kwetu, kwa sababu kanisa la parokia lilikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani. Mama mkwe akasema haiwezekani. Mwanawe ni mzaliwa wa kwanza, amemfugia kuku na mbuzi, na majirani zake wote wa kambi ya reli wanangoja.

"Mutoto wa mwanamuke anatoka kwangu," mama akasema. "Nitamutoa bila kulisha batu?"

"Na anaingia kwangu," mama mkwe akajibu. "Ataingia na njaa?"

Wakabishana hadi chai ikapoa. Ndipo tonton, kaka mkubwa wa baba, mfanyabiashara aliyependa kusuluhisha mambo yasiyomhusu, akasimama akanyoosha abakosti yake, lile koti lisilo na tai ambalo wanaume wote wa heshima walilivaa wakati ule.

"Bon," akasema. "Misa huku, karamu kule. Donc, kila mama amepata sehemu yake."

Wakampigia makofi. Mimi nikatoka nyuma ya pazia na sinia la vikombe mkononi, nikauliza, "Tonton, tutavuka na nini?"

"Na bac, mutoto wangu. Bac iko."

Bac ni kile chombo kipana cha chuma kinachovusha malori na watu. "Na kama haiko?" nikauliza.

Mama akanifinya mkono. Mchumba wangu alikuwa ameketi pembeni, akaangalia viatu vyake. Nilimpenda sana mwanamume yule, nampenda hata leo, lakini sijaona mtu mwingine anayeweza kutazama viatu vyake kwa muda mrefu kiasi kile.

Tangu siku ile nilimwambia kila tulipokutana, "Sema na mama yako." Naye kila mara akajibu, "Nitasema." Alisema hivyo mvua zikaisha, akasema hivyo hadi matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani.

Wakati huo huo kila mwanamke wa Mangobo akawa mshauri wangu. Tantine, dada mdogo wa baba, ndiye aliyepewa kazi ya kunifunda. Alinifungia chumbani jioni baada ya jioni. Nisicheke siku ya harusi, watu watasema nina haraka ya mume. Nilie wakati wa kuondoka, lakini nisilie sana, wakwe wasije wakadhani nimelazimishwa. Nisile mbele ya mama mkwe mpaka anibembeleze. Nilipomuuliza atanibembelezaje kama yeye yuko Lubunga na mimi nimekwama huku, akaniambia nina mdomo.

Gauni nalo lilikuwa na balaa lake. Binamu wa mama, aliyekuwa anakaa Yangambi ambako mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya utafiti, alipanda boti akaja nalo ndani ya sanduku. Yeye mwenyewe aliolewa nalo. Lilikuwa zuri kweli, jeupe, la mikono mirefu, ila nyuma lilikuwa na mkia wa kuburuta. Nikaomba tuupunguze. Mimi mshonaji, ningeupindia ndani bila kukata hata uzi mmoja. Wakapiga kelele utadhani nimetaja kumchinja mtu. Robe ya kuazimwa haiguswi. Jirani mmoja akashauri nishike mkia kwa mkono wa kushoto, mwingine akashauri wa kulia, na binamu wa mama akasema usishikwe kabisa, uonekane.

"Uonekane wapi?" nikamuuliza. "Kwenye matope ya gatini?"

Nilipoona hakuna anayesikia, nilikwenda gatini mwenyewe baada ya shule. Nikamkuta mmoja wa wafanyakazi wa bac amejilaza kivulini. Nikamsalimu, nikamuuliza kama bac itatembea siku ya posho, maana ndivyo tunavyoita Jumamosi.

Akafikiri kidogo. "Mama, kama mazout iko, bac iko. Kama mazout haiko, bac iko, lakini haitembei."

Mazout ni dizeli. Jibu hilo nililibeba hadi nyumbani kama lilivyo. Tonton akacheka, akasema anajuana na mkubwa wa bac. Nikapendekeza tuwawekee nafasi wapiga kasia wenye mitumbwi mikubwa, ili bac ikikosekana tusihangaike. Mama ndiye aliyekasirika zaidi.

"Bibi harusi ndani ya mutumbwi, kama gunia ya makala ya kupikia? Unataka batu baseme nini?"

Nikarudi kwenye madaftari ya wanafunzi wangu. Nilikuwa nimeshauliza kila aliyestahili kuulizwa.

Jumamosi ikafika, na misa ikawa nzuri. Padri alihubiri kwa Lingala na kwa Kiswahili, kwa hiyo pande zote mbili zilichoshwa sawasawa. Mume wangu alijibu kwa sauti, bila kuangalia chini, nami nikatulia nikadhani labda nimekuwa mwoga bure. Tukatoka, tukapanda lori la rafiki wa tonton, wanawake wakiimba, makreti ya bia yamepangwa katikati yetu. Bia ilikuwa mchango wa upande wetu. Chakula chote, sahani, viti na keki vilikuwa Lubunga.

Tulipofika gatini, bac tuliiona. Ilikuwa ng'ambo ya pili, imefungwa.

Tonton akashuka akaenda kuuliza. Akarudi anajifuta jasho. Mkubwa mmoja amefika kutoka Kinshasa, akasema, amepelekwa Lubunga kuhutubia, na bac imechukuliwa tangu asubuhi kuvusha wacheza ngoma wa chama. Haitarudi mpaka mkubwa amalize hotuba.

"Anamaliza saa ngapi?" baba akauliza.

Tonton akamtazama kama mtu aliyeulizwa mvua itakatika saa ngapi. "Itakuja," akasema.

Tukasimama. Jua lilikuwa limewaka juu ya maji, na hapo gatini hapana kivuli isipokuwa vibanda vya wauza samaki. Wanawake wakaimba nyimbo zote walizokuwa nazo, wakazirudia, wakaacha. Watoto wakaanza kulilia chakula. Viatu vyangu vilinibana, na mkia wa binamu wa mama ulikuwa tayari umeokota magamba ya samaki. Watu wakaulizana mbona wanakwaya wetu watatu wazuri hawakuonekana kanisani. Hakuna aliyejua.

Tantine hakubanduka ubavuni mwangu. "Usikae, utakunja robe. Usikunywe maji, utatafuta choo wapi hapa? Na usikunje uso, batu banakuangalia."

Nikavuta kreti moja la bia, nikaliweka chini, nikakaa.

"Simama!" tantine akasema.

"Sisimami."

Mama akaja, binamu wa mama akaja, jirani aliyeshauri mkono wa kushoto akaja. Wote wakasema kwa pamoja, nami nikazidi kukaa. Nilikuwa nimechoka na nina hasira, nikihofu kwamba nikifungua mdomo nitasema maneno ambayo hayafutiki. Mwishowe baba akawasogeza pembeni. Baba alikuwa mtu mpole, asiyeongea mengi mahali wanawake walipo. Akachuchumaa mbele yangu na suruali yake ya harusi.

"Unataka nini, mama?" akaniuliza. Ndivyo akina papa wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Machozi yalinitoka. Kwa miezi yote ile, swali hilo lilikuwa halijaulizwa.

"Nataka kula, papa. Na nataka batu hawa bakule."

"Chakula kiko ngambo."

"Basi kivuke. Chakula hakikuvaa robe nyeupe."

Baba akacheka hadi akashika ardhi asianguke. Kisha akainuka akaenda kwa wapiga kasia, na nikamwona mume wangu anamfuata. Mume wangu akavua abakosti yake, akampa baba amshikie, akaingia kwenye mtumbwi wa kwanza. "Nitasema na mama," akaniambia kwa mbali. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, lakini safari hii mtumbwi ulikuwa umeshaondoka.

Alikawia. Watu wa upande wetu wakaanza kunong'ona kwamba mama mkwe amekataa, na mama akasema bila shaka atakataa, hata yeye angekataa. Kisha tukaona mitumbwi inakuja, mingi, imefuatana, na katika ule wa mbele ameketi mama mkwe amevaa libaya, blauzi yake ya sherehe, sufuria la lituma katikati ya magoti. Lituma ni ndizi za kupondwa, na zake zilisifiwa Lubunga yote. Hakuangalia upande wetu. Alivushwa mto mzima akiwa ametupa mgongo.

Aliposhuka alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kreti langu. Nikasimama, kwa heshima.

"Umenipatisha haya," akasema. "Majirani yangu bamekaa kwenye viti, banaangalia sufuria zinaondoka. Mwanamuke gani anafanya hivi siku ya kwanza?"

Tantine akanivuta mkono ninyamaze. Sikunyamaza.

"Mama, nilisema tangu mwanzo. Niliuliza tutavuka na nini."

"Uliuliza nani?"

"Niliuliza bote. Niliuliza tonton mbele yako, vikombe vikiwa mukononi."

Akageuka akamtafuta tonton, lakini tonton alikuwa ameona jambo la muhimu sana upande wa lori. Akanitazama tena, kutoka shela hadi magamba ya samaki. Nilidhani atanipiga.

"Na sahani?" akauliza.

Hakuna aliyeleta sahani. Zote zilibaki kwenye meza zilizotandikwa kambini. Mama mkwe akapandwa na hasira mpya, safari hii si kwangu, akamgeukia mama yangu, na hao wawili waliokuwa hawajasemezana vizuri tangu Jumapili ile ya chai wakaondoka pamoja kununua majani kwa wauza liboke, wale wanaochoma samaki ndani ya majani, wakigombana na muuzaji kuhusu bei kwa sauti moja.

Tulikula hapo, kwenye majani, wengine wamesimama, wengine wamekaa ukingoni mwa mitumbwi. Wauza samaki walikula, wapiga kasia walikula, na majirani wa kambi ya reli wakazidi kuvuka mmoja mmoja kwa sababu ya bia. Bia ilikuwa ya moto kama chai. Nilikula mbele ya mama mkwe bila kubembelezwa, nikaongeza.

Tulipokuwa tunakwangua masufuria, bac ikapiga honi. Ilikuja imejaa wacheza ngoma wa chama, wamevaa vitenge vya chama, wamechoka, hawajalishwa na mtu. Katikati yao walikuwepo wanakwaya wetu watatu. Walikuwa wamechukuliwa alfajiri, na hakuna aliyethubutu kukataa siku zile. Mmoja akalia aliponiona. Mama mkwe akawapa yaliyobaki, kisha sisi tukapanda bac ile ile, karibu tupu, nikavuka kwenda kwangu. Keki tuliikuta kambini imeliwa upande mmoja. Mpaka leo hajulikani aliyeila.

Binamu wa mama alirudi Yangambi na gauni lake bila kuniaga. Mama mkwe naye alikaa muda mrefu akinisemesha kupitia kwa mwanawe. "Mwambie bibi yako chumvi imezidi," nami nimesimama hapo hapo. Tulipoanza kuzaa ikabidi aseme nami mwenyewe.

Miaka ilipita, binti wa jirani akawa anaolewa na kijana wa Makiso, ng'ambo ile. Akaja kwa mama mkwe kuomba ushauri, mimi nikiwa nachambua sombe, majani ya mihogo, barazani. Mama mkwe akajiweka sawa kitini.

"Usiwaamini na bac yao," akamwambia. "Harusi ya mutoto wangu, wote walikuwa wamesimama kama wajinga. Ni mimi nilisema, chakula kivuke! Nikabeba sufuria mwenyewe."

Msichana akanigeukia. "Kweli, mama?"

Mama mkwe alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza niliona ana wasiwasi wa jibu langu. Nilimeza maneno mengi siku ile.

"Alibeba mwenyewe," nikasema, nikaendelea kuchambua majani.